Mpaka Likae

Machimboni, 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Salamu nyingine zote nimezimaliza kwa wapakiaji, na dereva wa lori la kokoto atakayekuletea barua hii ameshawasha injini, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye shida yangu.

Nataka kuagiza gari. Usicheke. Akiba imetimia na mke wangu amekubali, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko akiba yenyewe. Nimechoka kuendesha magari ya watu. Tajiri wangu akiamka vibaya sina kazi, akiamka vizuri ananipa gari ambalo kabla ya kukanyaga breki inabidi uombe dua. Huku mwenye pikapu yake ndiye anayeitwa kwanza mawe yakitoka. Sisi wengine tunaota jua.

Wewe umo humo humo ofisini wanakoagiza magari kutoka ng'ambo, basi sitaki kupitia kwa mtu. Andika hivi, na usipunguze neno: pikapu ya kazi nzito. Kebini moja, maana sibebi wageni. Bodi ndefu. Dizeli. Chesisi ile nene. Najua kuna nyingine inayofanana nayo sura kama pacha, ya kubebea mboga na magodoro. Hiyo sitaki hata kuiona. Barabara ya huku unaijua mwenyewe, kutoka shimoni hadi barabara kuu ni mteremko mtupu, na ile kona ya chini haimwonei mtu huruma.

Kiongozi wa wapakiaji wetu, yule tunayemwita Mizani kwa sababu hajawahi kukosea uzito wa mzigo tangu nimjue, amesema gari likija yeye ndiye atakayelipakia mara ya kwanza. Ameshaanza kunawa mikono.

Mdogo wako,
Bwana Injini

(Jina ulinipa mwenyewe, nilipokuwa natumwa dukani nakwenda nikinguruma kwa mdomo. Sasa utaona.)


Mjini, 20 Februari

Bwana Injini,

Marahaba. Barua yako imefika na vumbi la kutosha kujengea choo. Karani mwenzangu amepiga chafya mpaka amekwenda nyumbani.

Nimeagiza. Nimepiga chapa kwa mkono wangu, sikumwachia mtu. Kila gari lina namba yake ndefu yenye herufi mwishoni, na hiyo herufi ndiyo inayosema gari ni la namna gani. Bosi ametia saini bila kusoma, kama kawaida yake, huku anazungumza na simu. Basi, kazi imekwisha. Sasa ni kungoja.

Itachukua miezi. Nakuomba jambo moja tu na nalisema mara mbili kwa sababu nakujua: usiache kazi. Usiache kazi kabla sijakuandikia kwamba nimeliona gari kwa macho yangu.

Mwambie wifi yangu asikubali uanze kunguruma ndani ya nyumba.

Dada yako


Machimboni, 11 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeacha kazi.

Najua. Kunja uso, halafu uukunjue, uendelee kusoma. Tajiri alinitukana mbele ya wapakiaji kwa sababu ya pancha ambayo hata yeye angeipata. Nikaweka funguo kwenye boneti nikamwambia pikapu yangu iko baharini inakuja. Watu walipiga makofi. Nilijisikia mtu, Dada, sikufichi.

Sasa shimo zima linajua. Mizani ameichora bodi kwenye mchanga kwa fimbo, akaingia akalala humo kupima urefu, akasema hapa panalalika. Mke wangu ananiuliza kila asubuhi limefika wapi, kana kwamba baharini kuna vituo. Kwa sasa nasukuma mawe kwa mikono pamoja na wapakiaji. Mgongo unalia, lakini ni wa muda.

Nimejitia kitanzi na kamba umeishika wewe. Usiniangushe.

Bwana Injini


Mjini, 2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hii barua uisome peke yako, gereji ikiwa imefungwa.

Gari la mdogo wangu limefika. Nilikwenda bandarini nikiwa na furaha, nimevaa hata viatu vipya. Nikalizunguka. Jeupe, kebini moja, bodi ndefu, zuri kama bibi harusi. Kisha nikainama kusoma kibati cha mlangoni. Mjomba, herufi ya mwisho siyo. Hii ni ile pacha, ya mboga na magodoro. Nilirudi ofisini nikafungua nakala ya agizo. Herufi iliyoko kwenye kibati ndiyo niliyoipiga chapa mimi. Hakuna wa kumlaumu.

Kulirudisha ni karibu mwaka mzima, na bosi akijua, kiti changu kina mtu kesho yake. Na huyu ndugu yangu ameshaacha kazi. Anasukuma mawe kwa mikono huku amewatangazia watu wote. Nikimwambia, atakuwa kichekesho cha shimo zima mpaka azeeke. Siwezi. Mdomo unakataa.

Wewe ndiye fundi wa springi, na dereva wetu analipitisha kwako ndipo mdogo wangu aje kulichukua. Nakuomba uongeze springi nyuma. Ongeza kiasi unachoona kinatosha, lisimame kama lile la kazi nzito, lisimwaibishe. Na usimwambie. Kwa ajili ya mama yetu, dada yako, nakusihi usimwambie.

Mpwa wako


Gereji, 15 Julai

Mwanangu,

Nimefanya. Nimemtaja mama yako mara nyingi wakati wa kugonga zile springi, na siyo kwa sala.

Sikiliza vizuri maana sitarudia. Chuma nilichoongeza kinashika mkia wa gari, basi. Chesisi ni ile ile nyembamba. Breki ni zile zile ndogo. Nimelivisha gari nguo ya mtu mkubwa, mwili ni wa mtoto.

Na kuna baya zaidi. Watu wa machimboni hawana mizani ya chuma. Wanapakia huku wanatazama mkia. Mkia ukishuka wanaacha. Sasa mimi nimeufunga mkia. Watapakia, watapakia, na mkia uko juu tu unawacheka.

Umeniapisha nisimwambie, sitamwambia. Lakini wewe mwandikie. Mwambie mawe yasipite nusu ya bodi. Si mwezi huu, si mwaka huu, ni maisha yote ya gari. Na mwambie mkia asiuamini. Ukitaka kunificha mimi na chuma changu, nifiche, ila hilo la mkia lazima alijue.

Mwandikie leo.

Mjomba wako


Mjini, 18 Julai

Bwana Injini,

Limefika! Limefika, nimeliona, nimelishika. Liko kwa Mjomba, kalichukue. Jeupe, usilikanyage na viatu vya shimoni.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza nikiwa na mwiko mkononi. Mjomba amesisitiza sana: gari jipya halibebeshwi. Injini lazima ilainike kwanza. Nusu ya bodi tu, usizidishe hata jiwe moja. Miezi miwili hivi. Mjomba ni fundi, anajua anachosema, usijifanye unamzidi.

Umeelewa? Nusu ya bodi.

Sijalala vizuri siku hizi, nadhani ni kazi nyingi. Furahi na gari lako.

Dada yako


Machimboni, 5 Agosti

Dada yangu, dada wa watu wote,

Shikamoo mara mia. Nimekaa ndani ya gari hili naandika nikiegemea usukani, na mke wangu yuko kiti cha pili anasoma kila neno, kwa hiyo sitatia chumvi. Dada, ni gari. Nilitoka nalo kwa Mjomba nikinguruma kama zamani. Nilitaka kukupigia kelele huko huko uliko.

Limesimama! Nyuma liko juu kama jogoo. Mizani alipoliona alilizunguka, akaweka kiganja chini ya bodi, akasema, "Hili ndilo." Mizani akisema hivyo, mbishi nani tena?

Mjomba lakini anazeeka. Alinipa funguo hakunitazama usoni. Nikamwambia Mjomba, hunipi hata neno la baraka? Akasema, "Dada yako amekuandikia?" Nikasema ameniandikia. Akasema, "Basi fuata alichokuandikia," akaingia chini ya gari lingine, akabaki miguu tu. Nikaongea na viatu vyake, nikaondoka.

Nafuata. Nusu ya bodi. Wapakiaji wananicheka, wanasema nimenunua gari nikalifanya mgonjwa. Wache wacheke. Zamu yangu inakuja.

Bwana Injini

Wifi, mimi ni mke wake. Anasema uongo, alilia. Asante. Hujui ulichotufanyia.


Gereji, 16 Agosti

Mwanangu,

Ndugu yako alipita, akasema umemwandikia. Ulimwandikia lile la mkia? Nijibu kwa neno moja.

Mjomba


Mjini, 24 Agosti

Mjomba,

Nimemwandikia. Anapakia nusu ya bodi, amenithibitishia mwenyewe. Tafadhali tusilirudie jambo hili kwenye barua, huku ofisini watu wana macho.

Mpwa wako


Machimboni, 22 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimetii, hakuna askari aliyewahi kutii hivi. Sasa miezi miwili yako imekwisha, injini imelainika, inanguruma vizuri kuliko nilivyokuwa nanguruma mimi. Kuanzia wiki ijayo tunapakia.

Kuna kazi kubwa imeingia. Wanajenga shule huko chini, wanataka mawe ya msingi, makubwa, na mwenye shimo ameniita mimi wa kwanza. Mimi, Dada! Tajiri wangu wa zamani alikuwa amesimama pale anasikia.

Usiwe na wasiwasi, najua utakuwa nao. Mizani mwenyewe ndiye atakayesimama nyuma. Amesema kwa gari zuri kama hili hana haraka, na hatoi ruhusa tuondoke mpaka likae. Unaona watu walivyo waangalifu huku?

Mke wangu anasema ukija likizo tutakupeleka matembezi, ukae mbele kama bosi.

Bwana Injini


Mjini, 1 Oktoba

Bwana Injini,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mpaka nilipofika pale kwa Mizani, ndipo nikaketi. Nimefurahi sana kwamba hamwondoki mpaka gari likae. Ni kweli, liacheni likae, lipumzike, msilikimbize na mzigo. Mpe huyo Mizani salamu zangu, mwambie nimempenda bila kumwona.

Hata hivyo ningefurahi ukiendelea na nusu ya bodi kwa sasa. Usiniulize sababu. Nikija Desemba nitakueleza jambo ana kwa ana, jambo dogo la ufundi. Utanikasirikia kidogo halafu tutacheka.

Wifi asinipikie chochote, nije nimwone tu.

Dada yako


Machimboni, 2 Novemba

Wifi,

Shikamoo. Ulikuja tukamzika, ukaondoka hatujazungumza hata maneno mawili. Wewe ulikuwa umeshika ukuta na mimi nimeshikwa na watu. Nakuandikia sasa kwa sababu watu wote wameondoka na nyumba imekuwa kubwa.

Barua yako ya mwisho ililetwa na yule dereva wa kokoto siku ya pili baada ya mazishi. Nimeifungua, nisamehe. Uliposema gari likae, lipumzike, nilicheka. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikalia mpaka majirani wakaingia. Wifi, hukulijua neno la huku. Kukaa siyo kupumzika. Wapakiaji wanaweka mawe huku Mizani amechuchumaa nyuma anatazama mkia. Gari likizidi kushiba, mkia unashuka. Hapo Mizani anasimama anapiga kelele, "Limekaa!" na hakuna anayethubutu kuongeza jiwe. Kabla ya hapo anasema, "Bado."

Siku ile nilikuwa pale, nimempelekea chai. Mizani alikuwa anasema bado, bado. Mawe yakafika ukingoni. Bado. Yakapita ukingo. Mume wangu akauliza, "Mizani, kweli?" Mizani akalala kabisa chini, shavu kwenye vumbi, akatazama. Akasema, "Halijakaa. Gari la dada yako ni la kiume." Wakacheka wote. Mume wangu akanipigia honi, akaondoka.

Kwenye mteremko walisikia breki zikilia, halafu hazikulia tena. Kwenye kona ile chesisi ilikatika katikati kama muwa. Mengine uliyaona mwenyewe kwenye jeneza, au hukuyaona, maana nilikataa lifunguliwe.

Sasa wanasema alikuwa na tamaa. Tajiri wake wa zamani anazunguka anasema ndio hivyo, maskini akipata gari anataka kubeba mlima. Wanasema mbele yangu. Mimi najua hakuwa na tamaa, aliuliza. Mizani ndiye aliyemuua. Nilimfukuza msibani, nikamwambia jicho lako limeoza, umeniulia mume. Hakujibu kitu ila, "Halikukaa, mama. Naapa halikukaa."

Naomba ofisi yako iandike barua kwa mwenye shimo, iseme gari lilikuwa zima, la kazi nzito, kama alivyoagiza. Ijulikane kwamba gari halikuwa na kosa wala dereva hakuwa na tamaa. Kosa la mpakiaji libaki kwa mpakiaji. Nataka jina la mume wangu lisafishwe, sina kingine cha kumpa.

Wifi yako


Gereji, 14 Novemba

Mwanangu,

Unaniuliza ufanye nini na ombi la wifi yako. Nilikuuliza swali Agosti, ukanijibu. Leo nimelisoma tena jibu lako na nimeona jinsi lilivyopita pembeni.

Mimi pia sijajitoa. Nyundo ilikuwa yangu. Alisimama hapa gerejini anacheka, na mimi nikaficha kichwa chini ya gari la mtu nikamwacha aende. Tangu siku ile sishiki springi. Wateja nawaambia mkono unaniuma.

Yule mpakiaji hana kosa. Hilo mimi na wewe tunalijua, na kwa sasa ni sisi tu.

Mjomba


Mjini, 25 Novemba

Wifi yangu mpendwa,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naona uso wake.

Humo ndani utakuta barua ya ofisi, yenye mhuri. Inasema gari lilikuwa la kazi nzito, jipya, kamili, kama alivyoliagiza. Mpe mwenye shimo. Ndugu yangu hakuwa na tamaa, wasimseme tena.

Kuhusu yule Mizani, mimi si mtu wa machimbo, siwezi kusema mengi. Mtu huweza kuwa hodari miaka yote halafu jicho likamdanganya siku moja. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Usiendelee kuumia kwa kumfikiria. Tumwachie Mungu.

Nitakuja nikipata nafasi. Desemba hii sina hakika, ofisini kuna kazi nyingi.

Wifi yako


Machimboni, 19 Desemba

Wifi,

Barua ya ofisi niliipeleka. Mwenye shimo aliisoma kwa sauti mbele ya wapakiaji wote. Siku ile ile wakamtoa Mizani. Hawakumpiga sana. Walimnyang'anya glavu, wakamwambia asionekane tena shimoni. Walichokifanya jioni kwenye nyumba yake sikukiona, nilisikia tu mabati yanang'oka. Mimi nilikuwa ndani nimefunga mlango. Nilisema afadhali. Naliandika ili ulijue.

Jana asubuhi alikuja kwangu. Nilitaka kumfungia mlango, lakini alikuwa ameshika chuma, amekikumbatia kama mtoto, na nguo zake zote zina grisi. Alikuwa ametoka bondeni kwenye mabaki ya gari. Aliingia chini yake na bisibisi na jiwe, akafungua kwa mikono yake. Alisema ilikuwa lazima ajue jicho lake lilikosea wapi, vinginevyo hawezi kutazama kitu tena.

Alizipanga springi kwenye sakafu yangu. Hizi hapa, mama, zina rangi ya kiwandani. Hizi nyingine hazina rangi, ni nyeusi, zina alama za nyundo. Ameniambia niguse zile alama. Nimezigusa. Nikamuuliza mtu anaongeza springi kwa nini. Akasema, "Ili gari lisikae."

Hakuniomba nimsamehe wala hakuniambia nimwombe msamaha. Alikaa kwenye ngazi mpaka jua likawa kali, akaondoka. Springi ameziacha.

Gari lilitoka mikononi mwako likapita kwa Mjomba likaja kwetu. Hakuna mkono mwingine uliolishika. Na wewe uliandika nusu ya bodi, Wifi. Barua zako zote ninazo, nimezisoma tena usiku na mchana. Uliandika nusu ya bodi mara mbili kwenye barua moja, halafu ukaandika usiniulize sababu.

Barua sitaki tena. Njoo. Kiti cha mume wangu kiko wazi na vyuma viko pale pale sakafuni, sijaviondoa. Njoo ukae mbele yangu uniambie.

Mke wa mdogo wako